Kabibi na Safu ya Maji

Kituo cha Zimamoto cha Mkoko Mmoja, kando ya barabara itokayo Malindi kwenda Ngomeni, kina kila kitu kinachohitajiwa na kituo cha zimamoto isipokuwa maji. Kina gari jekundu. Kina king'ora kinachosikika hadi kwenye mashamba ya chumvi. Kina mkuu wa kituo mwenye kofia mbili, moja ya kazi na moja ya kupigiwa picha. Kina hata mfereji wa koki nje ya lango, uliofunguliwa kwa hotuba tatu na utepe mmoja, ukatoa maji hadi mgeni rasmi alipopanda gari lake, na tangu siku hiyo ukapumzika.

Kina pia Kabibi Kenga, mwanamke wa miaka arobaini na saba, mzaliwa wa mashamba ya nyuma ya Malindi. Alimaliza kidato cha nne, na cheti chake bado amekihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni ulio ndani ya mfuko mwingine wa nailoni. Kazi yake ni kupokea simu na kuandika kitabu cha matukio. Si msemaji. Wenzake wakibishana mpira, yeye huchonga penseli.

Kitabu alichokabidhiwa kilikuwa na safu tatu: saa simu ilipopigwa, saa gari lilipotoka, saa lilipofika. Katika mwaka wake wa kwanza Kabibi alichukua rula akachora safu ya nne, na juu yake akaandika kwa herufi ndogo: Maji yalipatikana wapi, na saa ngapi. Hakuna aliyemwagiza. Vilevile hakuna aliyemwagiza kwamba kila tukio litiwe sahihi na mtu asiye wa kituo, aliyeliona kwa macho yake, lakini hivyo ndivyo alivyofanya kwa miaka kumi na mmoja, na hakulala na ukurasa usio na shahidi.

Safu ya nne ndiyo iliyokuwa na habari zote. Gari la Mkoko Mmoja likirudi kutoka kwenye moto hurudi tupu, na maji ya kulijaza yako Shella, kwenye kidimbwi cha kuogelea cha hoteli moja, upande ambao kwa kawaida moto haupo. Wenye hoteli si wachoyo hata kidogo. Ila wana msimamo wao kwamba hawawezi kutoa maji ya moto ambao haujatokea. "Uleteni moto kwanza," meneja husema, naye husema kwa upole. Kwa hiyo simu ikilia, kikosi hutoka mbio kwenda kinyume na moto, huomba, hujaza, kisha hugeuza.

Ukurasa ambao Kabibi aliujua kwa moyo ulikuwa wa Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti. "Saa nne na dakika kumi, simu. Nne na kumi na sita, gari limetoka. Nne na thelathini na nne, limefika hotelini. Kikosi kimeombwa kusubiri watoto wa wageni watoke majini. Nne na hamsini na saba, maji yamepatikana. Tano na dakika ishirini na mbili, gari limefika kwenye moto. Nyumba imekwisha." Chini yake ilikuwa sahihi ya Jedida, fundi wa cherehani, mwenye nyumba hiyo. Aliiandika akiwa amesimama mbele ya majivu ya makuti yake na cherehani mbili, na alama ya kidole chake cheusi ilibaki pembeni mwa karatasi.

Siku hizi Jedida anashona kwenye baraza ya watu kwa cherehani ya kuazima. Kila asubuhi Kabibi akipita, Jedida humwamkia vizuri, humuuliza habari za kazi, na hamlaumu. Kabibi angependa sana alaumiwe.

Kila mwaka aliandika barua ya kuomba kituo kiunganishiwe maji kutoka bomba kuu, ambalo halikuwa mbali; lilikuwa hatua mia mbili na kumi kutoka langoni, alizihesabu. Barua kumi na moja zilipata majibu kumi na moja, yote ya mstari mmoja: Tunalishughulikia.

Kisha ikaja barua ya ukaguzi.

Ilikuwa na kurasa tatu. Ilisema kwamba wakaguzi wa nje, watu huru wasio na upande, watafika siku ya Alhamisi kupima utendaji wa kituo. Mkuu wa kituo, Bwana Kyalo, aliyehamishwa kutoka bara miaka sita iliyopita na ambaye bado huliita joto la hapa "hali ya dharura", alisoma ukurasa wa kwanza akafika mahali pasemapo kwamba mkuu wa kituo kitakachopata daraja la chini atatakiwa kujieleza. Hapo alivua miwani. Hakuivaa tena kwa ajili ya kurasa zilizobaki.

Kabibi, ambaye huzisoma barua kabla ya kuzitia kwenye faili, alizisoma zote tatu. Alibisha mlango wa ofisi.

"Mkuu, ukurasa wa tatu unasema vituo vitakavyoonekana havina maji vitaunganishwa na bomba kuu mwaka huu huu. Vitakavyoonekana vimekamilika havitaingia kwenye orodha."

"Sisi tutaonekana tumekamilika, Bi Kabibi."

"Hatuna maji, mkuu."

"Hayo ni mambo ya ndani. Hawa ni wakaguzi wa nje."

"Tukionyesha kitabu kilivyo, tunapata bomba."

"Na mimi napata barua ya kujieleza." Bwana Kyalo alifuta shingo kwa leso. "Bi Kabibi, ukurasa wa kwanza ni wa wakuu. Ukurasa wa tatu ni wa makarani. Nenda ukanunue kitabu kipya, uyanakili matukio ya mwaka mzima vizuri. Safu tatu tu. Na muda wa kufika usizidi dakika nane, nasikia nane ndiyo inayopendwa."

"Kalamu yangu imekwisha wino, mkuu."

"Nitakupa yangu."

"Mkono nao unaniuma."

Aliyasema kwa adabu, macho kwenye sakafu. Bwana Kyalo alimjua vya kutosha kutambua kwamba mkono ule ungeuma hadi Ijumaa. Akakinakili kitabu yeye mwenyewe, siku mbili, ulimi nje kidogo, na kila moto wa mwaka ule, wa karibu na wa mbali, wa nyumba na wa majani, ukafikiwa kwa dakika nane.

Maandalizi mengine yalikwenda kwa kasi ambayo moto wowote ungeionea wivu. Mawe ya njiani yalipakwa chokaa. Minazi miwili ya langoni ilipakwa chokaa hadi kiunoni. Maua yaliletwa kwenye makopo yakapangwa mbele ya mfereji uliokauka, ili mfereji usionekane unafanya nini. Jumatano Bwana Kyalo alivaa kofia ya picha, akaenda mwenyewe hotelini Shella, akamlilia meneja hadi akapewa maji bila moto, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Jioni gari lilirudi na lita elfu tatu kamili, likitembea taratibu kama mja mzito. Kabibi aliandika: "Maji yamepatikana, lita 3,000. Moto: hakuna." Hakuwahi kuandika mstari mzuri kama huo.

Alhamisi asubuhi mkuu alipiga kelele kwamba gari lina vumbi.

"Nalioshea maji gani, mkuu?" aliuliza Dena, dereva, mtu mrefu wa maneno mafupi.

"Maji si yamo?"

Dena alimtazama Kabibi. Kabibi alichonga penseli. Kituo hakikuwa na maji mengine yoyote isipokuwa yale yaliyokuwa ndani ya gari. Kwa hiyo gari lilioshwa kwa maji ya gari. Lilipokauka lilionekana na madoa, likaoshwa tena. Maua yalinyweshwa kwa sababu yalianza kuinama. Ofisi ilipigwa deki. Choo cha wageni, ambacho mlango wake ulikuwa umefungwa tangu siku ya utepe, kilifunguliwa, na kilipofunguliwa kila mtu aliafiki kwamba kinahitaji lita mia nne. Ng'ambo ya barabara Mwikali, mpishi wa kibanda cha chakula aliyepewa kazi ya kuwalisha wageni, alituma mapipa mawili yajazwe, moja la pilau na moja la vyombo. Mkuu alisema apewe. Kisha upepo ukavuma kutoka upande wa mashamba ya chumvi, na gari likaoshwa mara ya tatu.

Kabibi aliyaandika yote, ndoo kwa ndoo, katika kitabu chake cha zamani, ambacho mkuu alimwamuru akifiche naye akakificha ndani ya kikapu chake mwenyewe, chini ya leso. Saa tatu alijumlisha. Akaenda ofisini.

"Mkuu, kwenye tangi zimebaki kama lita arobaini."

"Wageni wako Malindi, wanakuja."

"Moto ukitokea je?"

Bwana Kyalo alimtazama kwa huruma ya mtu anayemweleza mtoto. "Bi Kabibi, leo hakuna moto. Leo kuna ukaguzi."

Wakaguzi walikuwa wawili. Nyokabi alikuwa msichana mwenye tableti na viatu vyeupe, mpole, mwenye kusema asante kwa kila kitu pamoja na kiti. Cliff, mwenzake, alikuwa mtu mzima mwenye kikokotoo. Walikagua mawe, wakayaona meupe. Walikagua gari, wakajiona ndani yake. Walipoletewa kitabu, Cliff alikifungua, akakifurahia mno, kwa sababu kitabu ambacho namba zake zote ni moja hakisumbui mtu wa kikokotoo.

"Ngomeni," alisema, akasimamisha kidole. "Kutoka hapa ni kilomita ngapi?"

"Ishirini na mbili," alisema Dena kabla mkuu hajamkanyaga mguu.

"Kwa dakika nane." Cliff alibofya. "Kilomita mia na sitini na tano kwa saa. Na gari la maji."

Bwana Kyalo aliangalia maua. Dena alikohoa.

"Siku hiyo barabara ilikuwa nyeupe," akasema.

Cliff alifikiri kidogo, akatikisa kichwa kwa heshima, akamwambia Nyokabi aandike: dereva hodari.

Kabibi alikuwa amesimama mlangoni, kikapu mkononi. Alingoja aulizwe. Alikuwa amepanga maneno yake usiku uliopita, sentensi nne, na alikuwa tayari kuyasema kwa yeyote ambaye angemgeukia na kuuliza, je, maji mnapata wapi? Nyokabi alifika kwenye swali la maji, akainua macho kwenye tableti.

"Kituo kina chanzo cha maji?"

"Mfereji ule pale," alisema Bwana Kyalo, akionyesha maua.

"Asante," alisema Nyokabi, akaweka alama. Tableti haikuwa na mahali pa kuuliza kama mfereji unatoa.

Zoezi la kuzima moto lilipangiwa saa sita na nusu, lakini harufu ya pilau iliingia ofisini saa sita na robo, na kwa busara zoezi likasogezwa mbele hadi baada ya chakula. Walivuka barabara wote. Mkuu aliagiza pia zibebwe katoni tatu za maji ya chupa zilizonunuliwa kwa ajili ya wageni, ili wasije wakaona kiu.

Banda la Mwikali limeezekwa makuti, na jiko liko nyuma ya pazia la gunia. Siku hiyo Mwikali alikuwa na meko matatu badala ya moja, kwa heshima ya ukaguzi. Wageni walikuwa wametia mkono wa kwanza kwenye sinia, na Cliff alikuwa akiuliza kama pilipili ile ni ya hapa, Mwikali alipotokea nyuma ya gunia akifuta mikono.

"Samahanini," alisema, bila kupandisha sauti, kwa kuwa kulikuwa na wageni. "Paa linaungua."

Bwana Kyalo alifurahi kwa nusu dakika. Alisimama, akaweka kofia sawa, akasema kwa sauti ya jukwaani, "Gari." Dena alimtazama kuhakikisha kwamba amesikia vizuri. "Gari, Dena." Basi Dena alivuka, akaliwasha, akapiga king'ora, na gari lile lililong'aa likavuka barabara hatua ishirini kwa shangwe, wachuuzi wakikimbia na meza zao. Mpira ukakunjuliwa. Pampu ikanguruma. Mpira ukatikisika, ukakohoa, ukatoa maji ya kujaza sufuria moja, kisha ukalala chini bapa.

Sasa moto ulikuwa umeshika upana wa mkeka. Ukitaka kujua makuti yanavyowaka, muulize Jedida. Makuti hayakupi nafasi ya kumaliza swali. Mwikali aliacha kuwa mpole. "Kyalo," alisema kwa Kikamba na tena kwa Kiswahili ili wote wafaidi, "maji yangu ulinipa nipikie pilau. Na ya kuzimia moto yako wapi?"

Mkuu aliutazama mpira uliolala. Alikuwa amekumbuka gari lilivyooshwa mara ya tatu.

Aliyesema ni Kabibi, na wengi pale hawakuwahi kumsikia akisema kwa sauti. "Dena, chukua ndoana, shusha yale yanayowaka. Ninyi, fungueni katoni."

Dena alipanda kwenye benchi, akayavuta makuti kwa ndoana ya gari, yakaanguka yakiwaka, na kikosi kizima cha zimamoto cha Mkoko Mmoja kikasimama duara kufungua vizibo. Chupa za nusu lita, moja moja. Cliff alifungua. Nyokabi alifungua, viatu vyeupe vimeingia masizi, akamwaga yake na ya Cliff. Pipa la kuoshea vyombo lililokuwa limebaki na robo likafuata, na uchafu wake wa vyombo, na mwisho mchanga. Moto ukafa. Paa likabaki na tundu ambalo kupitia kwake mtu aliweza kuona mbingu nzuri kabisa, isiyo na wingu.

Kabibi aliketi kwenye benchi, akatoa kitabu chini ya leso. Aliandika bila haraka, kisha akamsogelea Nyokabi aliyekuwa akihema.

"Bi Nyokabi, desturi yetu kila tukio litiwe sahihi na mtu wa nje aliyeliona. Wewe ni wa nje."

Nyokabi alisoma. "Saa sita na dakika hamsini, paa la jiko. Saa hiyo hiyo, kikosi kimefika. Tangi la gari: tupu, maji yametumika kuandaa ukaguzi. Maji yalipatikana: chupa 72 za wageni." Alisoma tena. Akashuka taratibu hadi kwenye jina lake lililoachiwa nafasi.

"Hii ya chupa, ni lazima iwemo?"

"Kuna kitu nimeandika ambacho hukukiona?"

Nyokabi alitazama viatu vyake. "Hapana, mama," akasema, akatia sahihi, na namba ya kitambulisho chake, na tarehe.

Ripoti ilikuja baada ya mwezi, imejalidiwa. Kituo cha Mkoko Mmoja kilikuwa kimepata daraja la kwanza. Chanzo cha maji: kipo. Muda wa kufika kwenye moto halisi uliotokea mbele ya wakaguzi: chini ya dakika moja, bora kuliko vituo vyote. Matumizi ya maji: ya uangalifu. Ilifuata shahada yenye fremu, na mwisho kabisa, mstari mmoja kwamba kituo hakitaingia kwenye orodha ya kuunganishiwa bomba kwa kuwa hakina upungufu. Bwana Kyalo aligongea msumari kwenye ukuta wa ofisi ya Kabibi kwa mkono wake, akatundika shahada, akavaa kofia ya picha.

Siku hiyo Kabibi hakupita njia ya barazani kwa Jedida. Alizunguka kwa nyuma.

Usiku, nyumbani, aliandika barua ya kumi na mbili. Haikuwa ndefu. Alisema anaomba kusahihisha ripoti, si kwa maneno yake bali ya mkaguzi mwenyewe, kisha akaambatisha nakala ya ukurasa wenye chupa sabini na mbili na sahihi ya Nyokabi, na nakala ya ukurasa wa Jedida. Akazipeleka nakala mahali pawili: kwenye ofisi iliyozoea kujibu kwa mstari mmoja, na kwa Nyokabi.

Ofisi ilijibu: Tunalishughulikia.

Nyokabi hakuweza kujibu hivyo, kwa kuwa jina lake, namba yake na tarehe yake vilikuwa chini ya jambo ambalo ripoti yake ilisema halikuwapo, na mtu mwingine angeweza kukiomba kitabu kile wakati wowote. Inawezekana pia kwamba aliguswa na alama ya kidole cheusi cha Jedida. Kabibi, ambaye huandika anachokiona tu, hajaliandika hilo. Wiki tatu baadaye ripoti ilirekebishwa. Daraja likashuka hadi la mwisho. Bwana Kyalo alitakiwa kujieleza, akajieleza kwa kurasa sita zisizotaja gari kuoshwa, na shahada ikadaiwa irudishwe pamoja na fremu. Mafundi wakaja, wakachimba hatua mia mbili na kumi, na Jumanne moja mfereji ukakohoa mbele ya maua, ukatoa maji. Hapakuwa na utepe, na huenda ndiyo sababu yaliendelea kutoka.

Kabibi aliufunga kwa kufuli, kisha akapita barazani kwa Jedida akamwambia. Jedida alikata uzi kwa meno. "Basi sasa nikijenga, mtakuja?"

"Tutakuja."

"Kwa dakika nane?"

"Kwa kumi na nne, hapo ni mbali kidogo. Lakini na maji."

Jedida alicheka, mara ya kwanza tangu Agosti ile.

Moto uliofuata ulikuwa wa shamba la mkonge. Katika safu ya nne Kabibi aliandika neno ambalo miaka kumi na mmoja halikuwahi kuingia humo: kituoni.

Juma hilo hilo Bwana Kyalo alitoka uani, akaliangalia gari likirudi na vumbi lake, akauona mfereji. Aliingia ofisini kwa Kabibi. Pale ukutani, kwenye msumari wa shahada, ulining'inia ufunguo wa kufuli.

"Bi Kabibi, nipe ufunguo, gari lioshwe kidogo."

Kabibi alichonga penseli, akapuliza unga wake.

"Andika barua, mkuu," alisema.

Aliandika, maskini, ukurasa mzima, na akaipiga muhuri. Kabibi aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma hadi mwisho, akaitia tarehe, na chini yake, kwa herufi ndogo zilizonyooka, akaandika jibu la mstari mmoja.